Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mazingira, maji na viwanda: rezini inayolinda boila ilinde na Mto Msimbazi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira, Waziri wa Maji, Waziri wa Viwanda na Biashara, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Shirika la Viwango Tanzania, na wenye viwanda wote wa Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Karibu kila kiwanda chenye boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji kuwa mvuke, hapa Dar es Salaam kina tangi la rezini, punje za plastiki zinazonasa madini yaliyomo majini. Kiwe cha nguo, cha bia, cha sabuni au cha maziwa, ukiingia chumba cha boila utaliona limesimama kando, na mifuko ya chumvi imepangwa ukutani. Fundi wa zamu hahitaji kuelekezwa: analiosha kinyume, analipitishia maji ya chumvi, analisuuza, analirudisha kazini. Mimi ni mmoja wa mafundi hao, na mitambo ya maji ya viwandani ndiyo kazi inayonilisha.

Hakuna mwenye kiwanda anayebembelezwa kununua tangi hilo. Maji ya visima vyetu vingi yana madini ya kalisi na magnesi, na yasipolainishwa huacha magamba magumu ndani ya mabomba ya boila. Utando wa milimita moja unatosha kuongeza mafuta yanayochomwa, na ukiachwa ukue, bomba hupata joto kupita kiasi na kupasuka. Hasara hiyo humfikia mwenye mali kwenye ankara ya mafuta, kwa hiyo rezini hununuliwa bila mjadala.

Lakini zungukeni nyuma ya kiwanda hichohicho, kule maji yaliyokwisha kutumika yanakotokea. Hapo rezini ni nadra. Maji yenye nikeli, kromiamu, shaba, zinki au risasi hupita kwenye shimo la kutuamisha tope, pengine hutiwa chokaa kidogo, kisha hushika mtaro kuelekea mtoni. Boila linalindwa dhidi ya kalisi, ambayo binadamu anaihitaji kwa mifupa yake, huku mto ukiachiwa risasi, ambayo mwili wa binadamu hauna kazi nayo hata chembe. Sababu ni moja: mto hauleti ankara. Ninaandika kuwaomba ninyi mliopewa dhamana muifikishe ankara hiyo getini.

Ninautaja Msimbazi kwa sababu ndio mto wa jiji hili. Unaanzia kwenye milima ya Pugu kule Kisarawe, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Njiani hupokea maji ya makazi, ya machinjio, ya gereji na ya viwanda. Kandokando yake kuna watu wanaolima mchicha na matembele, na mboga zinazochumwa alfajiri zinakuwa sokoni kabla jua halijawa kali. Watafiti wa vyuo vyetu wamepima maji, tope na mboga za bonde hili kwa miaka mingi, na mara kwa mara wamekuta ndani yake risasi, kromiamu, kadimiamu na shaba.

Uchafu wa chakula na wa choo huliwa na bakteria. Mabwawa ya majitaka kama yale ya Vingunguti yamejengwa kwa kazi hiyo: jua, mwani na bakteria hufanya kazi kwa siku kadhaa na maji hutoka yakiwa na nafuu. Metali haziliwi na bakteria yeyote. Zikiingia kwenye bwawa, sehemu kubwa hukaa kwenye tope na iliyobaki huendelea na safari. Anayesema kiwanda chake kimeunganishwa na mfumo wa majitaka wa jiji, kwa hiyo suala limekwisha, amehamisha risasi kutoka kwenye mtaro kwenda kwenye tope ambalo siku moja lazima lizolewe na kupelekwa mahali.

Japani walilipa gharama ya somo hili. Mgodi wa Kamioka ulitiririsha kadimiamu kwenye mto Jinzu, maji hayo yakamwagilia mashamba ya mpunga ya Toyama, na watu, wengi wao wanawake wa makamo na wazee, wakaumwa figo na mifupa hadi mbavu zikawa zinavunjika kwa kukohoa tu. Serikali ya Japani ilikiri rasmi mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimiamu. Kazi ya kuondoa na kufunika udongo wa mashamba yale ilichukua zaidi ya miaka 30. Sisemi kwamba Msimbazi umefika huko. Ninachosema ni kwamba njia ni ileile, kutoka bomba la mwenye mali kwenda kwenye maji ya kumwagilia, kisha kwenye sahani, na kwamba udongo ukishachafuka, fedha ya kuusafisha huwa haina mwenyewe.

Sasa nieleze kidogo rezini yenyewe, maana nimekaa kwenye vikao ambako jina hilo hupita kana kwamba ni dawa ya kunyunyiza.

Ni punje ndogo za plastiki ya polistirini, nyingi zikiwa na kipenyo kati ya milimita 0.3 na 1.2, zilizoungwa kikemia zisiyeyuke majini. Ndani ya kila punje kuna sehemu nyingi mno zenye chaji ya umeme, na kila sehemu imeshika ayoni, yaani chembe yenye chaji. Ichukulieni punje kama daladala ambayo viti vyote vimekaliwa na sodiamu. Ikija kalisi yenye chaji mbili, inashikwa kwa nguvu zaidi, inakalia viti viwili, na sodiamu mbili zinashuka. Viti vyote vikijaa kalisi tunapitisha maji ya chumvi nyingi, sodiamu inarudi kwa wingi wake na kalisi inaondoka. Punje ni zilezile, na zikitunzwa hufanya kazi kwa miaka kadhaa.

Kwa majitaka yenye metali, rezini ya boila haifai kuhamishwa tu ikafungwa kwenye mtaro. Itajaa kalisi, ambayo ni nyingi mno, kabla haijaigusa nikeli. Zipo rezini zilizotengenezwa makusudi, zenye kikundi cha kemikali kinachoikumbatia metali nzito na kuiacha kalisi ipite. Aina inayotumika zaidi hupendelea shaba kwanza, kisha risasi, nikeli, zinki na kadimiamu, na kalisi huja nyuma sana. Kwa zebaki kuna rezini yenye salfa, kwa kuwa zebaki na salfa hushikana kwa nguvu kubwa.

Chukueni karakana inayochovya vyuma kwenye nikeli ili kuvipaka utando wake, na kutoa mita 5 za ujazo za maji ya kusuuzia kwa siku, yenye miligramu 50 za nikeli kwa lita. Hizo ni gramu 250 za nikeli kila siku. Lita moja ya rezini ya aina niliyoitaja, kwa makadirio ya chini, itashika gramu 20. Tangi la lita 100, ambalo linaingia kwenye kona ya chumba, litafanya kazi siku 8 kabla ya kuhitaji kurudishiwa nguvu kwa tindikali. Katika siku hizo mita 40 za ujazo za maji machafu zinageuka kuwa takribani lita 300 za tindikali yenye nikeli kali, na nikeli hiyo ina bei. Inaweza kuvunwa kwa umeme na kuwa bamba la nikeli safi. Mwenye karakana leo anaimwaga fedha yake mtaroni, kisha anaagiza nyingine kutoka nje.

Njia ya chokaa, ambayo wengi wanaitegemea, siidharau. Kwa maji yenye metali nyingi ndiyo ya kwanza kutumika na ni rahisi. Ila kila metali ina kiwango chake cha pH, yaani kipimo cha utindikali au ualkali wa maji, ambapo inaganda vizuri: kromiamu karibu na pH 8, nikeli karibu na 10, kadimiamu juu zaidi. Hakuna pH moja inayozitosheleza zote kwa pamoja, kwa hiyo baada ya chokaa hubaki mabaki ambayo macho hayayaoni. Mabaki hayo ndiyo kazi ya rezini. Chokaa ibebe mzigo mkubwa, maji yachujwe, kisha rezini imalizie.

Kuna mambo ambayo muuzaji wa mitambo hatawaambia, nami ningependa yawe mezani kabla zabuni haijatangazwa. Rezini huziba kwa mafuta, rangi za nguo na tope. Majitaka ya nguo yakipelekwa moja kwa moja yataiua kwa wiki chache. Kromiamu ina sura mbili. Ile ya kuchovyea vyuma, yenye chaji sita, ambayo husababisha saratani ya mapafu kwa wanaovuta mvuke wake, haitembei majini kama chuma cha kawaida. Imebeba oksijeni na chaji yake ni hasi, kwa hiyo rezini ya metali haiioni kabisa. Inahitaji rezini ya upande wa pili, ile inayoshika ayoni hasi, au igeuzwe kwanza kuwa kromiamu ya chaji tatu kwenye tindikali, kisha igandishwe. Na ikiwa kali mno huiunguza hata hiyo rezini inayoishika. Ya viwanda vya ngozi ni ya chaji tatu tangu mwanzo, imechanganyika na mafuta, protini na chumvi. Huko ushauri wangu ni kuigandisha na kuirudisha kwenye ngoma ya kulainishia ngozi, na rezini isubiri mwisho kabisa kama inahitajika.

Palipo na sianidi, sumu inayotumika kwenye baadhi ya matangi ya kuchovyea vyuma, ivunjwe kwanza kwa klorini kwenye maji yenye pH ya juu, zaidi ya 10. Maji ya sianidi yasikutane na tindikali ya kurudishia rezini nguvu kwa hali yoyote. Gesi inayotoka huua mtu papo hapo.

Kwa sababu hizo ombi langu la kwanza ni hili: maji yenye metali yatenganishwe pale yanapozaliwa. Mkondo wa nikeli uwe na bomba lake, wa kromiamu lake, wa sianidi lake, kabla ya kukutana na maji ya jikoni, ya choo na ya kuoshea sakafu. Yakishachanganyika, mtambo unaohitajika unakuwa mkubwa mara kumi na unafanya kazi vibaya. Hili halihitaji teknolojia, linahitaji mabomba na fundi bomba. Ningependa liwe sharti la kupewa kibali.

La pili linahusu namna tunavyopima, na hapa nitasema kwa uzito wote nilio nao. Kanuni zetu za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinaruhusu majitaka yawe na risasi isiyozidi miligramu 0.1 kwa lita. Kikomo hicho ni kizuri. Lakini mita moja ya ujazo yenye miligramu 5 za risasi kwa lita, yaani mara 50 ya kikomo, ikichanganywa na mita 49 za maji safi ya kisima, inatoka getini ikiwa na 0.1 kamili. Karatasi inasema kiwanda kimefaulu. Mto umepokea gramu 5 zilezile za risasi, na juu yake tumepoteza mita 49 za maji ya kunywa. Risasi hiyo haiendi baharini yote ikapotea. Inashuka kwenye tope la Jangwani na kukaa.

Kwa hiyo vibali viandikwe kwa gramu kwa siku, pamoja na kikomo cha miligramu kwa lita, na sampuli ichukuliwe kwenye mlango wa karakana, kabla maji hayajachanganyika. Sampuli iwe ya saa 24. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo matangi ya kuchovyea yalifunguliwa usiku wa Jumamosi, na sampuli za ukaguzi zilichukuliwa Jumanne asubuhi. Kila mara majibu yalikuwa mazuri. Mkaguzi hakudanganya na maabara haikukosea. Ratiba ndiyo iliyokuwa na kasoro, na ratiba inabadilika kwa barua moja kutoka ofisini kwenu.

Wenye viwanda watasema gharama. Wenye viwanda vikubwa nawajibu kwamba mnazo pampu, mafundi na rezini tayari, na kinachoongezeka ni kidogo kuliko mnavyoambiwa. Tena tazameni Mombasa. Pale Owino Uhuru, watu waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu walidhurika kwa risasi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu ile Desemba 2024. Na waliohukumiwa kulipa hawakuwa wenye kiwanda peke yao, taasisi za serikali zilizotakiwa kusimamia nazo zimo. Hiyo ndiyo sehemu ya hukumu ambayo ningependa isomwe na kila mwenye dhamana upande huu wa mpaka.

Kwa wadogo hoja ya gharama ni ya kweli, na haipaswi kujibiwa kwa faini. Fundi anayechovya vioo vya pikipiki na mabomba ya viti kwenye kijichumba cha kupanga hana mahali pa kuweka tindikali salama, hana mkemia, na akinunua tangi la rezini hatajua la kufanya likijaa. Fundi wa betri anayemwaga tindikali kwenye mtaro anamwaga na risasi iliyoyeyuka ndani yake, na mara nyingi hajui. Watu hawa tukiwafungia milango leo, kesho watafungua uani kwa mtu.

Zipo nchi ambako wadogo wa aina hii hawarudishii rezini nguvu wenyewe. Wanakodi mtungi wenye rezini. Ukijaa, gari linakuja na mtungi mwingine na kuuchukua uliojaa hadi kituo kimoja chenye matangi ya tindikali, mkemia na mtambo wa kuvuna metali. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, imehudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973 na ina maeneo yake. TIRDO, Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda, ina wataalamu. Mkemia Mkuu wa Serikali anasimamia kemikali kwa mujibu wa sheria. Kituo kimoja Dar es Salaam, chini ya taasisi mojawapo ya hizo au mtu binafsi mwenye leseni, kingeweza kuhudumia karakana za jiji zima. Rezini zinazoagizwa kwa ajili ya majitaka zipewe unafuu wa kodi kwa miaka michache ya mwanzo, ili gharama ya kukodi mtungi isimshinde fundi.

Lakini kituo hicho kisimamiwe kwelikweli. Rezini haiifanyi metali itoweke, inaikusanya. Yale maji ya tindikali yanayotoka kwenye mtungi ni sumu kali kuliko majitaka ya mwanzo, na tope lake ni taka hatarishi inayotakiwa kuandikwa kutoka inakozaliwa hadi inakozikwa. Kama hatuna mahali halali pa kuipeleka, tutakuwa tumemlipa mtu akusanye sumu ya mtaa mzima na kuimwaga sehemu moja. Ni afadhali kituo kichelewe mwaka mmoja kuliko kianze bila jibu la swali hilo.

Neno moja kuhusu wakulima wa bondeni. Kila suala hili linapoibuka, hatua ya haraka huwa kung'oa bustani za mboga. Mama anayelima matembele kando ya Msimbazi hakuleta risasi pale, na kumfukuza hakuipunguzi hata gramu moja. Kama kipande cha ardhi kimepimwa na kimeonekana hakifai kwa mboga za majani, aonyeshwe majibu, apewe eneo lingine au maji mengine, na aliyechafua agharamie. Sheria yetu ya mazingira inaitambua kanuni ya mchafuzi kulipa. Itumike kwa mchafuzi.

Kuna jambo linaloharakisha yote haya. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, unalenga kupanua njia ya mto na kuondoa mafuriko pale Jangwani, kazi ambayo sote tuliisubiri. Kupanua mto ni kuchimba tope la miaka mingi. Naomba tope hilo lipimwe metali kabla halijasombwa kwenda kujaza viwanja vya watu. Na bustani ya jiji itakayopandwa pale itapokea maji yaleyale yatokayo juu. Kama mikondo ya viwanda haitatenganishwa sasa, tutakuwa tumetengeneza mto mpya wa kupokea sumu ya zamani.

Msingoje mpango wa nchi nzima. Anzeni na wanaotumia kromiamu ya chaji sita na wanaovunja betri, kwa kuwa hao ni wachache na madhara yao ndiyo makubwa. Vibali vyao vinapofika wakati wa kuhuishwa, viandikwe upya kwa gramu kwa siku. Majibu ya vipimo yabandikwe kwenye ofisi za kata za Vingunguti, Tabata na Kigogo, kwa Kiswahili, kila metali na kikomo chake kando yake, ili mkazi anayesoma ajue kilichopita kwenye mtaro wake mwezi uliopita. Mafundi wa boila wa viwanda hivyo waitwe wafundishwe. Wiki mbili zinatosha, maana robo tatu ya kazi hii wanaifanya kila siku.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa mitambo ya maji ya viwandani,
Dar es Salaam